Mlo wa Fundi Asiyesikia Harufu

Fundi Milimita hakuzaliwa na jina hilo. Wenzake wa banda la mabati ndio waliombandika, kwa sababu ukimwendea ukamwambia unataka ndoo yenye upana "kama hivi," umetanua mikono, atakuangalia usoni bila kusema neno mpaka mikono ichoke uishushe. Kisha atavuta futi mfukoni na kukuuliza taratibu, "Kama ngapi?" Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, miwani yake imefungwa waya kwenye bawaba moja, na katika miaka thelathini na mitano ya kukata na kukunja bati hakuna mfereji wake wa mvua uliowahi kurudishwa kwa kuvuja. Hilo hakulisema yeye. Walisema wengine, naye akijifanya hasikii, akigonga bati kwa nguvu kidogo zaidi.

Lakini fundi huyu alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikaa puani.

Miaka mitano nyuma alishikwa na homa ikamlaza wiki nzima. Alipoinuka, nguvu zilirudi, hamu ya kazi ikarudi, harufu haikurudi. Mwanzoni alidhani ni mafua yanayojivuta. Akasubiri mwezi, akasubiri mitatu. Siku moja pale bandani akafungua kopo la rangi, akalisogeza puani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa sawa na kunusa maji. Akalifunga kopo, akaendelea na kazi, asimwambie mtu.

Sababu za kunyamaza zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kazi. Fundi anayeyeyusha lehemu kwa moto wa gesi, na gesi ikivuja hajui, nani atamwita nyumbani kwake? Ya pili, na ndiyo iliyokuwa nzito, ni mke wake.

Mkewe alikuwa mpishi. Si mpishi wa nyumbani tu. Kwa miaka ishirini na miwili, mpaka alipostaafu, alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha wauguzi, akilisha wanafunzi mia nne kwa siku kwa masufuria yaliyomfika kifuani. Wako wauguzi ambao leo ni wakuu wa wodi, na wakikutana naye njiani wanamshika mikono yote miwili na kumwulizia mchuzi wake kama mtu anavyoulizia ndugu. Hata miaka ile ya kurudi nyumbani miguu imevimba, chakula cha mumewe alikipika mwenyewe, hakuruhusu hata mabinti zake wakiguse. Akishapakua alisimama kidogo kando ya meza, kitambaa begani, na kuuliza, "Leo vipi?"

Siku ya kwanza baada ya homa, fundi alitia tonge mdomoni, akakuta uvuguvugu na chumvi, basi. Akainua macho akamwona mkewe anasubiri.

"Tamu," akasema.

Neno hilo likawa kama msumari ulioingia ubaoni mpaka kichwa, kuung'oa ni kuupasua ubao. Akalirudia kesho yake, na keshokutwa, na miaka mitano ikapita.

Mkewe hakuwa mjinga. Aliona kwamba mume aliyekuwa akikwangua sahani siku hizi anakula kama mtu anayejaza fomu, anamaliza kila mstari na kuondoka. Haombi kuongezewa. Hafunui sufuria akichungulia. Lakini mwanamke huyo alilifasiri jambo kwa njia iliyokuwa karibu naye: mume amenichoka, anachonifanyia sasa ni adabu. Naye akaliweka moyoni, asilitoe.

Ndipo akaja mama wa Kikorea.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimekatwa zikaishia masikioni. Alikuwa amekaa nchini miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, ila alikitoa mbio kama cherehani. Alikuwa amepanga duka lililokuwa la samani, anataka kulifanya mgahawa wa vyakula vya kwao. Katika mgahawa huo, akaeleza pale bandani, kila meza ina jiko la gesi katikati, watu wanachoma nyama wenyewe wakiwa wamekaa, na juu ya kila meza lazima pashuke dohani ya bati ya kuvuta moshi. Alitaka dohani tisa. Akafungua karatasi yenye mchoro, na mchoro ulikuwa na tarakimu mpaka milimita.

Fundi aliutazama kwa muda mrefu kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa ndugu aliyepotea.

Alitengeneza ya kwanza kwa siku tatu. Mama yule akaja, akatoa futi yake mwenyewe kwenye mkoba, akapima mdomo wa dohani, akapima tena.

"Imezidi milimita mbili," akasema.

Nyundo zote bandani zikanyamaza. Kisha fundi wa masufuria, jirani yake, akaangua kicheko mpaka akaketi chini. "Leo Milimita amepatikana na milimita zake!" Fundi akapima. Zilikuwa mbili kweli. Akaitenga ile dohani, akachukua bati jipya, akaanza upya. Tangu siku hiyo Milimita na mama yule waliheshimiana sana, ingawa maongezi yao yote yalikuwa namba.

Kazi ilipokwisha, mama yule alimwambia, "Fundi, Jumamosi mchana uje ule, wewe na mama. Kabla sijawafungulia watu mlango, nataka wale kwanza walionijengea."

"Ahsante sana, lakini Jumamosi nina kazi."

"Huna. Nimeshauliza."

Fundi akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa, akasema ataona. Nia yake ilikuwa kulimeza jambo lile lisifike nyumbani. Kwake kula mbele za watu kulikuwa kama kuimba mbele za watu wakati umekuwa kiziwi. Lakini mdomo wa fundi wa masufuria haukuwa na kifuniko, na habari ilimtangulia nyumbani.

"Yaani mtu ananialika nikapikiwe," mkewe alimpokea mlangoni, "na wewe unamjibu una kazi?"

"Ni vyakula vya kigeni, mama watoto. Huenda usivipende."

"Huenda! Nimewapikia watu mia nne kila siku kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, mama, kaa chini, leo sisi tunakupikia. Jumamosi nakwenda. Wewe ukipenda, baki ulinde nyumba."

Jumamosi wakaenda wote wawili. Mke alivaa gauni lake la kijani alilolivaa harusini kwa binti yao, mume akavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Ndani ya mgahawa kuta zilikuwa bado zinang'aa kwa rangi mpya. Meza tisa za mbao nzito, kila moja ina tundu la duara katikati lenye jiko, na juu ya kila moja dohani ya bati imeshuka wima. Seremala aliyezitengeneza zile meza alikuwa ameshakaa upande wa dirishani na mkewe na watoto, na fundi umeme alikuwa pembeni yao na mama yake mzazi.

Walikaribishwa meza ya tatu. Mkewe, kabla hajaketi, aliinua mkono akapitisha kidole kwenye mshono wa dohani kutoka juu mpaka chini.

"Hii umeitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Na zile zote?"

"Na zile."

Akakaa akiwa amenyoosha mgongo zaidi ya alivyoingia. Kisha akainuka tena kwenda kunawa mikono, maana mpishi ni mpishi, hata akialikwa.

Mama mwenye mgahawa akaja na kitambaa puani, macho mekundu. Alikuwa ameamka na mafua. Akainama, akafungua valvu ya gesi ya meza hiyo, akapiga chafya mbili.

"Fundi, hebu nusa hapo chini kabla sijawasha," akasema. "Fundi wa gesi ameunga mipira ya gesi jana, leo amesafiri, na mimi pua yangu imeziba, sisikii lolote."

Hapo ndipo angeweza kusema. Yalikuwa maneno matatu tu: hata mimi sisikii. Seremala alikuwa anatazama, fundi umeme anatazama, na mama aliyempima kwa milimita anasubiri jibu la mtu anayemwamini. Fundi akainama chini ya meza. Akakaa huko kwa muda ule ule ambao mtu mwenye pua angekaa. Akatega sikio, asisikie mvumo wowote. Akainuka.

"Hakuna kitu. Washa."

Mkono wa mama yule ulikuwa umeshashika kiwashio cha jiko.

"Usiwashe!"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Alikuwa amesimama mlango wa kunawia, maji yanamdondoka vidoleni, na sauti aliyoitoa ndiyo ile iliyokuwa ikinyamazisha bwalo la wanafunzi mia nne. Hata watoto wa seremala waligandisha vijiko hewani.

"Gesi hiyo! Inanuka mpaka huku niliko!"

Mama mwenye mgahawa alifunga valvu kabla hajauliza lolote. Milango ikafunguliwa, madirisha yakafunguliwa, watoto wakatolewa nje. Mama wa fundi umeme, mzee wa watu, alibebwa na kiti chake. Hewa ilipotulia na watu kurudi ndani, seremala akaona alegeze mambo.

"Milimita," akasema, "leo umekosea kwa kilomita!"

Watu wakacheka, kwa sababu hofu ikitoka hutoka na kicheko. Fundi hakucheka. Aliomba sifongo na maji ya sabuni, akapiga magoti, akaingia chini ya meza na shati lake jeupe. Wakafungua gesi kidogo. Akapaka povu kwenye maungio ya mpira, moja baada ya jingine, na kwenye ungio la mwisho vikaanza kuchomoza vibofu vidogo, vinavimba na kupasuka bila haraka. Akakaza bana kwa bisibisi. Akapaka tena. Havikutokea. Alipotoka chini, magoti yalikuwa na vumbi. Bila kuambiwa, akazunguka akapima meza zote nane zilizobaki kwa povu lile lile. Zilikuwa salama.

Aliporudi kukaa, mkewe alikuwa anamtazama.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Usiniulize nini. Mimi nimeisikia nikiwa kule mlangoni. Wewe ulikuwa umeweka pua juu yake. Tangu lini?"

"Ni mafua tu, mama watoto."

"Mafua anayo mwenye mgahawa. Wewe hata kamasi huna."

Fundi aliangalia jiko, akaangalia dohani, akakosa mahali pengine pa kuangalia. "Tangu ile homa," akasema.

"Homa ipi? Ya mwaka aliozaliwa mjukuu?"

"Hiyo hiyo."

Mkewe alianza kuhesabu ndani kwa ndani, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa hahesabu miaka. Alikuwa anahesabu vyakula.

"Kwa hiyo yale maharage," akasema hatimaye.

"Maharage gani?"

"Ya mwaka jana. Nilisinzia kwenye kiti yakaungua, nyumba nzima ikanuka. Nikayapakua makusudi. Nikajisemea, leo atasema. Leo atanigombeza, na akinigombeza nitajua bado yupo. Ukala sahani nzima, ukasema tamu. Nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji nikalia, nikajua basi, huyu hanioni tena."

"Yaliungua?" fundi akauliza.

Aliuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, kama mtoto, hata mkewe ikambidi ageuze uso upande, maana hasira na kicheko vilimjia pamoja na hakutaka kimojawapo kionekane.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema alipoweza. "Na leo kingetuumbua wote, mimi na wewe na seremala na wanawe. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utaacha kunipikia." Alivua miwani akaifuta kwa shati, ikachafuka zaidi. "Ukijua mtu hasikii kitu, utampikia kwa ajili ya nini? Ungepika tu ili nishibe. Mimi nilitaka uendelee kusimama pale kando ya meza."

Mkewe aliiweka mikono yake mezani, mikono mikubwa yenye alama za kuungua, akaitazama kama ya mtu mwingine.

Mama mwenye mgahawa alikuwa amesimama karibu, amesikia nusu na kuielewa yote. Hakupunguza mwendo wala hakutia huruma sautini.

"Fundi, pua imekufa?"

"Imekufa, dada."

"Na ulimi?"

"Ulimi unajua chumvi, sukari, ndimu. Pilipili naijua ikiuma."

"Moto na baridi?"

"Navijua."

"Meno?"

"Yapo yote, isipokuwa mawili."

Akapiga chafya, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata vipimo vyake. "Kaa hapo," akasema, akaingia jikoni.

Kwanza vikaja vibakuli. Binti mhudumu alivipanga mezani kimoja kimoja: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, matango, maharage machanga, mchicha, samaki wadogo wakavu, figili zilizokatwa mraba mraba kama kete. Mke wa fundi alivihesabu vikafika kumi na kimoja.

"Binti yangu, sisi hatujaagiza vyote hivi."

"Hivi ni vya mezani, mama. Vikiisha tunaongeza."

"Mnaongeza?" Akamgeukia mumewe. "Chuoni ningefanya hivi ningefukuzwa wiki ya kwanza."

Ikaja nyama, imekatwa vipande vyembamba, nyekundu, mbichi kabisa. Mke akaitazama sahani, akamtazama binti. "Nimealikwa kupikiwa, mwanangu, halafu mnaniletea mbichi?" Binti akacheka, akawasha jiko, na safari hii likawaka vizuri. Akapanga vipande kwa koleo, na moshi ulipoinuka ukavutwa wote ndani ya dohani, hata uzi mmoja haukupotea. Fundi aliufuata kwa macho mpaka juu. Nyama ilipoiva, binti akachukua mkasi akaikata palepale juu ya moto.

"Mkasi kwenye chakula!" fundi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na uhai. Akauomba, akaufungua na kuufunga, akausikiliza. Kisha akachukua vile vijiti viwili vya kulia, vyembamba, vizito kwa umbo lao. "Chuma cha pua," akasema, akivipima mkononi. Akalisikia neno alilolitoa. Mkewe naye akalisikia. Wakatazamana.

"Ndiyo pua pekee uliyobaki nayo," mkewe akasema, na wote wawili wakacheka, wakacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Vijiti vilimshinda mke, akadai kijiko. Fundi, mwenye vidole vilivyozoea waya mwembamba, alivimudu kwenye jaribio la nne. Kitu cha kwanza alichokamata kilikuwa kipande cha figili. Akakitia mdomoni, akakiuma.

Kilipasuka. Mlio wake ulimwingia kichwani kama mtu anayekanyaga changarawe mlangoni kwako, halafu chumvi, halafu uchachu, halafu pilipili ikatambaa taratibu kutoka ulimini mpaka nyuma ya masikio. Akachukua kingine.

Halafu mama mwenye mgahawa mwenyewe akaleta vitu viwili, akaviweka mbele ya fundi, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kulia kulikuwa na bakuli la tambi nyembamba kwenye mchuzi wa baridi, na juu ya mchuzi vinaelea vipande vya barafu. Kushoto kulikuwa na bakuli la jiwe jeusi, limepashwa moto mpaka wali uliokuwa ndani ulikuwa unalia, unatatarika kama mvua juu ya bati. "Hilo usiliguse kwa mkono," akaonya. "Kula huku, halafu huku."

Fundi akala huku, halafu huku. Baridi ikampiga kwenye meno na paji la uso, ikamfanya afumbe macho. Moto ukamrudisha. Tambi zilikuwa zinavutika, zinang'ang'ania, ikabidi azikate kwa nguvu. Wali ulikuwa laini juu, na chini, ulipogusana na jiwe, umeshika ukoko, na ule ukoko alipoukwangua ukatoka vipande vinavyovunjika kinywani kimoja kimoja. Jasho likamtoka. Miwani ikaingia ukungu, akaivua akaiweka kando, akaendelea bila kuona vizuri. Tangu homa ile alikuwa amesahau kwamba mdomo una pande nyingi.

Alipofika chini ya bakuli la jiwe aliinua kichwa.

"Binti," akasema, "naomba niongezewe."

Kijiko cha mkewe kilisimama katikati ya njia. Miaka mitano hakuwa amelisikia neno hilo kwa mwanamume huyu, na sasa anamwambia mtoto wa watu, kwenye mgahawa wa watu. Wivu ulimchoma kweli, tusimfiche. Lakini juu ya wivu kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya asukume kiti nyuma na kuinuka.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni."

Akapita mlango wa jikoni kama mtu aliyeajiriwa pale. Kwa muda fundi alisikia sauti mbili za kike, moja ya mbio, moja ya taratibu, na kisu kikigonga ubao. Mkewe aliporudi alikuwa na unga kwenye mkono wa gauni la kijani. Hakueleza. Alichukua jani la saladi, akalitandaza kiganjani, akaweka kipande cha nyama ya moto, figili mbili, kitunguu saumu kibichi na tone la pilipili nyekundu iliyosagwa, akalikunja likawa kifurushi.

"Fungua mdomo. Nimeambiwa hivi ndivyo inavyoliwa, mtu anamlisha mwenzake, na haimegwi."

"Mama watoto, watu wanaangalia."

"Waangalie. Saa moja iliyopita ulitaka kuwalipua, sasa unawaonea haya?"

Fundi akafungua mdomo. Kifurushi kilikuwa kikubwa, mashavu yakamvimba, na ilimbidi atafune kwa muda mrefu akiwa hawezi kusema wala kutabasamu. Mkewe alisimama kando ya meza akisubiri, mikono kiunoni.

"Haya, nieleze," akasema. "Lakini ukisema tamu nakwenda nyumbani peke yangu."

Fundi akameza. Akafikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kutoa vipimo sahihi. "Jani ni baridi na linalia," akasema. "Nyama ni ya moto. Vinakutana katikati. Halafu kitunguu kinauma kwa nyuma, hapa, chini ya sikio."

"Ehe," akasema mkewe, akakaa, akaanza kukunja kingine.

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole kwa shibe. Njiani fundi alianza kusema bila kuulizwa, kama bomba lililozibuliwa. Akaeleza jinsi anavyofua nguo mara mbili kwa hofu ya kunuka jasho, jinsi anavyotega sikio kwenye mtungi wa gesi kila asubuhi. Akasema harufu nyingi amezisahau na hazimsumbui. Ila kuna moja hakuwahi kuipata.

"Mjukuu wetu alipozaliwa, nyote mlikuwa mnamnusa kichwani. Nami nikamnusa, nikafanya kama nyinyi. Alikuwa ananukaje?"

Mkewe alitembea hatua nyingi kabla ya kujibu. "Kama mkate," akasema. "Lakini si mkate uliokwisha kuiva. Unga ule unaposubiri kuumuka, umeufunika kitambaa, ukaufunua. Na uvuguvugu. Uvuguvugu huo uliupata, si ndiyo?"

"Niliupata."

"Basi nusu ulikuwa nayo."

Jumatatu fundi aliwaambia wenzake bandani habari ya pua yake, wote kwa pamoja, amesimama. Alidhani kazi zitakatika. Zilikatika mbili, si zaidi, na mama wa mgahawa alimletea kazi nyingine ya mabomba, akisema fundi anayepima kwa povu ni bora kuliko anayepima kwa pua, maana pua hupata mafua. Fundi akaenda pia kwa daktari, akisindikizwa na mkewe. Daktari alisema hana ahadi ya kumpa, neva zikifa zimekufa, lakini nyingine hulala tu. Akamwagiza anuse karafuu, limau na kahawa kila asubuhi, dakika chache, bila kukata tamaa. Anafanya hivyo mpaka leo. Mkewe ndiye anayemshikia vichupa, naye hufumba macho na kutaja, na mara nyingi hukosea.

Jikoni kwao mambo yalibadilika. Mwanamke aliyepika kwa pua maisha yake yote alianza kupika kwa masikio na meno. Alikaanga vitunguu mpaka vikauke na kuvunjika, akatia karanga mahali ambapo hazikuwahi kutiwa, akampa mumewe kitu cha moto na kitu cha baridi katika mlo mmoja. Vingine viliharibika, naye fundi aliambiwa aseme ukweli, akasema, wakagombana, wakapatana.

Na kila Alhamisi asubuhi mkewe huenda kwenye mgahawa, kabla haujafunguliwa, akafunga aproni na kusimama na yule mama kwenye ndoo za figili. Hawaelewani hata siku moja. Mmoja anasema chumvi ikae saa moja, mwingine anasema nusu saa inatosha. Ndipo wanapomwita fundi atoke bandani aje aume kipande cha kila mmoja na kuamua, kwa sababu, wanasema, yeye hapumbazwi na harufu. Alhamisi iliyopita aliuma cha kwanza, akauma cha pili, akakaa akifikiri, kisha akasema vyote viwili vimelainika. Alirudi kazini mikono mitupu, bila kibakuli cha figili anachofungiwa kila Alhamisi, na wanawake wote wawili wakamnunia mpaka jioni.